Koti Lililokataa Kuungua

Mwizi aliyevunja nyumba ya marehemu Sifuna kule Misikhu, wenyewe wakiwa kanisani, alikuwa wa ajabu. Redio aliiacha. Kuku aliwaacha. Alichukua koti la zimamoto, chafu kwa masizi na limepasuka mgongoni, basi.

"Hakuna kingine, mama?" aliuliza Inspekta Bilha Mathenge, mpelelezi kutoka Bungoma.

"Ni koti tu, madam," alijibu Nabwile, mjane. "Na kesho ndio kikao cha fidia. Bila hiyo koti, watoto wangu nitawalisha nini?"

Sifuna alikuwa zimamoto wa kampuni moja binafsi mjini Kitale. Paa la ghala lilimwangukia akiokoa watu. Mkubwa wake, Mukhwana, alidai kwamba siku hiyo Sifuna hakuwa kazini. Eti alikimbilia moto kwa kiherehere chake, akiwa na shati la nyumbani. Akiaminiwa, familia ingekosa fidia. Lakini makoti yalifungiwa stoo, na ufunguo alikuwa nao Mukhwana peke yake. Koti alilofia Sifuna, alilokabidhiwa mjane hospitalini, ndilo lililokuwa shahidi.

"Nani alijua unalo?"

"Si nilimpigia Mukhwana! Nikamwambia, wewe sema uongo yako, mimi nakuja na koti."

Bilha aliguna. Hasira hasara.

Alasiri hiyo alifika kwa Mukhwana, Kibomet kule Kitale, pamoja na Koplo Ndirangu na kibali cha upekuzi.

"Sifuna alivaa nini siku ile?"

"Shati, madam. Alikuwa ofu."

"Na koti?"

"Koti gani? Mimi sikumpa koti, bana."

Upepo ulileta harufu ya mafuta ya taa. Bilha aliifuata hadi nyuma ya jikoni, kwenye shimo la takataka, akachokora majivu kwa fimbo. Koti lilikuwa humo. Limelowa mafuta, limeongezeka masizi, lakini halikuungua hata kifungo.

Bilha aliangua kicheko. Mkuu wa zimamoto mzima, na amejaribu kuchoma koti lililoshonwa lisishike moto!

Mukhwana alijipangusa jasho. "Madam, nyinyi Wakikuyu wa Sentro hamjui mila zetu Wabukusu. Mtu akikufa tunagawa nguo zake. Nabwile alinipa hiyo mwenyewe, siku ya mazishi."

Masikini, hakujua kwamba Bilha alizaliwa papo hapo Kibomet, akakulia kwenye matanga ya majirani Wabukusu.

"Nguo za marehemu hazigawiwi mpaka wazee wakae," alisema. "Wa Sifuna, Nabwile ameniambia, wanakaa Jumamosi hii. Tena umesema alikufa na shati. Koti ulilopewa na mjane lilitoka wapi?"

Mukhwana aliketi chini.

"Mwizi nilimtuma mimi. Na Sifuna, koti nilimpa na mkono yangu. Bima ya wafanyakazi niliacha kulipa, nikajenga hii nyumba. Fidia ingenifanya niiuze."

"Utaiuza," alisema Bilha, na Ndirangu akamtia pingu.

Kesho yake kikao cha Bungoma kilinuka mafuta ya taa. Bilha aliweka kielelezo mezani, akasimulia. Uamuzi ulipotoka, kwamba Sifuna alikufa kazini na familia yake italipwa, Nabwile alipiga vigelegele hadi waendesha bodaboda wakachungulia dirishani. Bilha mwenyewe alifuta machozi, wala hakuona haya.

Jumamosi wazee walikaa. Mashati yakaenda kwa ndugu, viatu kwa mjomba.

"Na ile koti?" aliuliza mzee mmoja.

"Bado iko polisi," alijibu Nabwile. "Na ikirudi, hamuigawi. Hiyo ndio itasomesha watoto wa Sifuna."