Nilisujudu Kushukuru Huku Sauti ya Mama Ikifutika

Nina miaka sitini na sita, mwalimu mstaafu wa madrasa, mkazi wa Iftin hapa Garissa. Wasomaji wenzangu, nimechoka kulibeba jambo hili peke yangu...

Baada ya kustaafu nilijifunza kompyuta. Nikajiunga mtandaoni na watu wanaojitengenezea mfumo endeshi wao wa kompyuta kwa mapenzi tu. Nikapewa kuandika draiva ya diski, yaani programu inayouwezesha mfumo kusoma na kuandika kwenye diski. Miezi mingi nilikompaili, yaani kuyageuza maandishi yangu yawe lugha ya mashine, ikakataa, nikarekebisha, nikakompaili tena. Mwishowe ikafaulu kwenye kompyuta ya kuigiza iliyo ndani ya laptop yangu. Wenzangu wakasema haikubaliki mpaka ijaribiwe kwenye mashine halisi.

Diski ya aina ile niliijua moja tu, ndani ya kompyuta kuukuu ya dada yangu mdogo, Habiba. Humo ilikuwamo sauti ya marehemu mama yetu akiimba buraanbur, mashairi ya wanawake wa Kisomali, aliyoyatunga mwenyewe kule Bura. Kaseti aliyorekodiwa ilikatika mkononi mwa fundi wa Dagahaley mara tu alipomaliza kutuhamishia sauti hiyo kwenye kompyuta. Nakala ikabaki hiyo moja. Habiba aliitunza kwa ajili ya harusi ya binti yake, iliyobakiza wiki mbili.

Nilipomwomba, alisita. Nikamwahidi kwamba nitasoma tu, sitaandika kitu juu yake. Akacheka, akasema wazee wenzangu hucheza na wajukuu, mimi nacheza na mabati. Akanipa.

Kwa nini sikunakili kwanza? Flashi ilikuwa mfukoni! Lakini adhana ya alasiri ilikuwa imekaribia, nami nilitaka nione mara moja...

Nikawasha. Mistari ikashuka kwenye skrini: sawa, sawa, sawa. Nikaiacha ikiendelea, nikaenda msikitini. Baada ya sala nilisujudu sijda ya kushukuru, nikairefusha.

Kumbe nilikuwa nimesahau kuondoa jaribio la kuandika, linaloijaza diski nzima sifuri na kufuta vyote vilivyomo. Kwenye kompyuta ya kuigiza halikudhuru, maana diski yake ilikuwa tupu.

Siku mbili nilimkwepa Habiba. Mimi, niliyefundisha watoto maana ya amana! Alipokuja kuichukua nikamweleza. Hakupaza sauti.

"Abboowe," akasema, kama tunavyomwita kaka mkubwa, "ulikosa kitu kingine cha kujaribia?"

Siku ya harusi nilimsikia kutoka upande wa wanaume. Aliimba beti za mama alizozikumbuka. Zilikuwa tatu. Ya nne ikamkatikia katikati, ngoma ikaendelea bila maneno...

Amenisamehe, Mungu amlipe kheri. Nashukuru kwa hilo, na kwa umri wa kujutia.

Nawasihi, mkikabidhiwa kitu cha mwenzenu, kinakilini kabla hamjakigusa. Wakati wa alasiri ni mpana. Nakala ingechukua dakika kumi.

Draiva niliirekebisha. Sasa inaisoma diski ile kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kosa hata moja. Hakuna kitu ndani yake.