Sahani ya Kyungu

Wenceslas alikuwa akitoboa pua ya ng'ombe wa mbao wa pango la Noeli wakati mwanamke mmoja alipoweka fremu iliyovunjika juu ya meza yake, katikati ya patasi na msasa.

Ilikuwa siku ya treni. Soko la karibu na gare, kituo cha treni, lilijaa watu wenye magunia ya samaki wakavu wa Bukama, na wenye taxi-moto walikuwa wakigombania abiria kwa ishara za mikono. Katika kelele hizo Wenceslas hakumsikia mtu kufika.

"Maître, tengeneza hii leo."

"Leo niko na ngombe."

"Ngombe itangojea. Haiende fasi yoyote."

Akainua macho. Blausi nyeupe iliyopigwa pasi, sketi ya kikwembe cha kijani, nywele zilizosukwa na kukusanywa nyuma, kalamu mbili zimechomekwa kwenye mkoba. Ndani ya fremu kulikuwa na picha ya mama mmoja mwenye kitambaa cheupe kichwani, na kioo kilikuwa kimepasuka juu ya bega lake.

"Ni mama yangu," mwanamke akasema. "Alisha kufa, miaka ine. Picha ilianguka asubui. Papa anamuambiaka bonjour na bonsoir kila siku. Kama anarudia na anakuta ukuta mutupu, hatakula."

"Na mama anajibuka?"

"Weye kwanza, ngombe yako inalia?"

Wenceslas akacheka, akamweka ng'ombe pembeni. Alikuwa mtu wa kufanya kitu kimoja hadi mwisho, na wateja walimjua hivyo, lakini siku hiyo aliacha pua moja wazi na nyingine imezibwa. Alipima pembe za fremu mara mbili, akapaka gundi, akafunga kwa uzi. Mwanamke alisimama akimtazama mikono.

"Unaitwa nani?"

"Noémie. Niko secrétaire ku bureau ya province."

"Minyi Wenceslas. Ku nyumba banasema Kabange."

Noémie akainua macho kutoka kwenye mikono yake. Mji wote wa Kamina unajua kwamba mtu anayeitwa Kabange alizaliwa pacha wa pili, na wa kwanza huitwa Kyungu.

"Basi Kyungu iko wapi?"

"Kama unataka kumuona," akasema, akikaza fundo la uzi, "itabidi mama yangu akualike."

*

Simu zilianza wiki hiyohiyo. Noémie alipiga saa ya mapumziko ya ofisi, akiwa na andazi mkononi.

"Ngombe alisha kupata pua?"

"Alisha. Sasa anasikia harufu ya andazi yako."

"Mubongo weye."

"Chérie, minyi sijuake kudanganya. Uliza soko yote."

Hilo la mwisho alilisema kwa mzaha, lakini Noémie aliliuliza soko kweli. Wauza mkaa na wauza unga wakamwambia neno moja: huyu akisema Alhamisi, ni Alhamisi. Akalihifadhi neno hilo moyoni, na juu yake akajenga yote yaliyofuata.

Mwezi wa pili alialikwa kwa Mama Umba, upande wa mashamba ya mihogo. Alivaa kikwembe chake cha bluu cha kwaya ya Wamethodisti. Mama Umba alitandika mkeka, akaleta bukari ya unga wa mihogo, sombe ya majani yake na samaki. Kisha akaleta sahani moja ndogo ya bati, akaiweka mbele ya sanamu iliyokaa kwenye kigoda, ndefu kama mkono toka kiwiko hadi vidole, nyeusi kwa mafuta ya mawese.

"Huyu njo Kyungu," mama akasema. "Alikufaka na miezi tano. Babu yao njo alimuchonga, ile wiki. Pacha, mutu haimulilie. Ukimulilia, anaita mwenzake. Unamupatia tu fungu yake."

Kisha akaweka kidole gumba juu ya uso wa sanamu, akashuka nacho polepole toka paji hadi kidevu. Pua ilikuwa imekwisha kabisa, laini kama jiwe la mtoni. Miaka ishirini na nane ya kidole hicho, kila asubuhi.

Noémie alitazama. Hakuogopa, ila alijua baba yake angeogopa.

"Anakulaka kweli, mama?"

"Na papa yako, ile picha inamujibuka?"

Noémie akamgeukia Wenceslas. "Ulimuambia yote?"

"Minyi sijuake kudanganya," akasema, na wote watatu wakacheka.

*

Papa Hénoch, baba yake Noémie, alikuwa mwalimu mstaafu, mpole, mwenye suti moja ya kahawia na leso safi mfukoni. Kanisani hakuna aliyesema lolote juu ya uchumba ule; mchungaji mwenyewe aliwapa pongezi. Ni Papa Hénoch peke yake aliyekosa usingizi, tangu binti yake alipomsimulia sahani ya Kyungu. Mwezi wa sita alimwita Wenceslas, akamketisha chini ya picha ya marehemu mkewe.

"Mwana yangu, minyi sikukatalie. Uko mutu wa kazi. Lakini mutoto yangu hawezi kupikia sanamu ya muti chakula. Leta ile kintu hapa kwangu, siku ya mungu, tukitoka ku culte ya kanisa. Tutaiunguza na bawazee wawili ba maombi. Utaapa mbele yabo kama hautakuwa tena na ingine. Kisha apo, mwezi wa nane, muoane."

"Na kama ninakataa, papa?"

"Basi utaendelea kuwa rafiki ya nyumba hii." Akatoa leso, akapangusa vumbi kwenye kioo cha picha, bila kuangalia mkono wake unafanya nini.

Wenceslas akainua macho kwenye picha. Akasema, "Nitaileta."

Lilikuwa neno lake la kwanza la uongo, na kwa kuwa alikuwa mtu wa taratibu, alilifanyia kazi kwa taratibu. Alimwambia mama yake kwamba mguu wa Kyungu umeanza kupasuka, akaichukua sanamu hadi karakana yake. Akatafuta kipande cha mulombwa, mbao nyekundu ya zamani, kutoka mlango mbovu. Kwa siku kumi na mbili alichonga sanamu ya pili, akipima kila jambo kwa uzi. Pua aliifuta kwa msasa. Akaipaka mawese, akaifukiza kwa moshi, akaipaka tena, hata yeye mwenyewe akaweza kuzipambanua kwa uzito tu: Kyungu, aliyenywa mafuta miaka yote, alikuwa mzito zaidi. Jumamosi aliifunga ile ya uongo kwa kitambaa cha mama yake, kile cha kumtandikia Kyungu kigodani siku zote, ili wazee waamini, akaitia ndani ya mfuko. Kyungu akamweka kwenye rafu, nyuma ya sanamu za wachungaji wa Noeli ambazo hazikununuliwa. Kisha akaenda kupeleka kitanda cha mteja.

Noémie akapita akitoka sokoni, akamkuta hayupo. Mlango haukuwa na kufuli.

Aliona mfuko, akafungua, akamwona Kyungu ndani ya kitambaa chake. Alipoinua macho aliona mwingine juu ya rafu. Akaketi juu ya gogo. Akamwelewa mpenzi wake palepale, au ndivyo alivyodhani: mtu huyu hajui kudanganya. Ameahidi kumleta ndugu yake wa kweli motoni, naye anamleta. Na ili asibaki mikono mitupu, amejichongea mfano wa kumkumbuka.

Akasimama. Yeye, binti wa Papa Hénoch, aliweza kubeba dhambi moja ndogo kwa ajili ya mtu asiyejua kuibeba. Akakifungua kitambaa, akabadilisha. Wa mfukoni akamweka juu ya rafu, wa rafu akamfunga vizuri na kumtia mfukoni. Akatoka.

*

Jumapili wazee waliimba ubeti mmoja. Papa Hénoch hakufurahi wala hakutukana. Aliiweka sanamu juu ya makaa kama mtu anayelaza mgonjwa. Wenceslas aliapa kwa sauti isiyotetemeka. Noémie, amevaa gauni la njano, aliona utulivu ule akauita ujasiri.

Sanamu ilichelewa kushika moto. Kisha mafuta yakatoka ndani ya mti, mengi, yakachemka kwenye mishipa ya mbao, na harufu ya mawese ya zamani ikajaa uwanja. Wenceslas akashangaa kidogo. Alijisemea kwamba huenda alipaka mengi.

Jioni simu ikalia, naye alikuwa akisafisha patasi.

"Chéri, uko peke yako?"

"Niko na bachungaji wa Noeli."

"Basi usianguke. Niko na zawadi. Angalia ku étagère, nyuma ya bale bachungaji."

"Niko naangalia."

"Ule njo Kyungu wa kweli. Minyi njo nilibadilisha jana. Nilijua weye hautaweza kudanganya papa, basi nilidanganya pa fasi yako. Ndugu yako iko muzima, Wence."

Alisimama. Akanyoosha mkono nyuma ya wachungaji, akaichukua sanamu. Ilikuwa nyepesi.

"Allô? Wence? Unalia?"

"Hapana."

"Basi sema kintu. Sema asanti, mubaya weye."

"Réseau iko mubaya," akasema. "Nitakuita kesho."

*

Hakumwita. Jumatatu asubuhi alimpelekea mama yake sanamu na kusema mguu umepona. Mama Umba akaiweka kwenye kigoda, akatia bukari kwenye sahani ndogo, akaweka kidole gumba juu ya paji, akashuka. Alipofika puani akasimama. Akarudia mara ya pili. Kisha akaondoa mkono.

"Huyu ni mugeni."

Wenceslas akamweleza yote, tangu fremu hadi moto. Mama alisikiliza akitazama sahani.

"Huyu ulimuchonga kwa ajili ya moto," akasema mwishoni. "Sitapatia chakula kintu ya moto. Kyungu hana fasi ya kukaa sasa. Uchonge mwingine, kama babu alifanya, kabla ya siku saba kuisha."

"Mama, niliapa."

"Nimesikia." Akaichukua sahani, akaifuta kwa kiganja, akaitundika mahali pake. 

Jumanne Noémie alifika karakana bila kupiga simu, amevaa blausi ya ofisi. Alimkuta akipasua gogo jipya la mulombwa.

"Siku mbili, Wence. Nilikukosea nini?"

Akamwambia. Alimwambia polepole, kwa mpango, na hakujificha popote: kwamba ile ya mfukoni ndiyo ilikuwa ya uongo, kwamba yeye ndiye aliyeanza kudanganya, kwamba mama yake amemkataa mgeni na kuitundika sahani. Noémie alishika ukingo wa meza.

"Minyi njo nilimuunguza."

"Mikono yako ilifanya ile moyo yako iliniwazia. Kosa ni yangu."

"Soko yote ilisema haujue kudanganya." 

"Usilie, Noémie. Huyu, mutu haimulilie."

Akajizuia. Ilimchukua muda. Nje mtu mmoja alikuwa akibishana bei ya mkaa.

"Na hii muti ni ya nini?" akauliza, ingawa alishajua.

"Ya Kyungu."

"Uliapa mbele ya papa."

"Eyo."

"Kama unachonga, hatuoane."

"Eyo."

"Tunaweza kuficha."

"Mara ya kwanza tulificha, uliona." Akaiweka tezo chini. "Twende Lubumbashi, weye na minyi."

Noémie akaangalia mikono yake. "Papa amebakia na picha na minyi. Kama natoka, atakuwa anaambia bonsoir bantu wawili ba ku ukuta." Akavuta pumzi. "Na mama yako, sahani ile alitundika kweli?"

"Alitundika."

"Basi chonga."

Hakuondoka mara moja. Aliketi juu ya gogo lilelile la Jumamosi, mkoba magotini, naye Wenceslas akachonga. Kichwa kikatokea, kisha mabega, kisha tumbo dogo la mtoto wa miezi mitano. Saa ya ofisi ilipita. Jua lilipofika kwenye kizingiti Noémie akasimama, akasogea, akaugusa uso ule mbichi kwa kidole gumba.

"Pua iko kubwa. Ile ya zamani ilikuwa ya kwisha."

"Msasa haufai. Mama alijua. Pua hii ataimaliza yeye mwenyewe."

"Itamuchukua siku ngapi?"

"Ile ingine ilimuchukua miaka makumi mbili na nane." Akapuliza vumbi la mbao. "Mama iko na makumi sita na ine."

Noémie akatikisa kichwa. Akakung'uta vumbi jekundu kwenye sketi yake, halikutoka lote.

"Bonsoir, Kabange," akasema. Kisha, akiutazama mti juu ya meza, "Bonsoir, Kyungu."

Akatoka akielekea upande wa gare. Wenceslas alisubiri mpaka asiisikie tena hatua yake. Miguu ya sanamu ilikuwa bado ndani ya gogo. Aliipima kwa uzi, akatia alama ya mkaa mahali pa kuanzia kesho, akaifunika kwa gunia.