Barakoa ya Kidoti

Kila asubuhi Machachari aliamka na macho mekundu, akinung'unika kabla hata ya kupiga mswaki. Sababu ilikuwa mdogo wake, Kidoti, mtoto wa miaka sita, ambaye mafindofindo yalikuwa yamemvimba kooni, akawa anakoroma usiku kucha kama mzee. Wakati mwingine pumzi ilimkatika usingizini, akashtuka akilia. Daktari alisema mafindofindo yaondolewe, na mama alikuwa amesubiri nafasi hospitalini kwa miezi mingi.

Machachari hakuwa mtoto mbaya, ila ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko akili. Jioni ya kuamkia upasuaji, Kidoti alimwuliza watamfanya nini huko. Badala ya kumjibu vizuri, alichukua faneli ya jikoni, ile ya kumiminia mafuta, akambana nayo pua na mdomo. Akamwambia ndivyo watakavyomziba, avute dawa mpaka azime, na wengine hawaamki tena. Kidoti akarusha mateke. Machachari alicheka mpaka mbavu zikamuuma, kisha akasahau.

Kidoti hakusahau. Kesho yake, katika chumba kidogo jirani na chumba cha upasuaji, mtaalamu wa dawa za usingizi alichuchumaa mbele yake na barakoa ndogo laini. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, asiye na haraka. Alieleza kwamba mtoto huvuta gesi ya kumtuliza, hofu ikapungua, ndipo akaingizwa ndani bila kulia. Kidoti alipoiona tu ile barakoa, alimrukia mama yake shingoni, akapiga mayowe mpaka akapaliwa. Mtaalamu akairudisha mezani.

"Simlazimishi," alisema. "Kwa hofu hii, na koo lake lilivyo, nikimbana naweza kumdhuru. Tutampangia siku nyingine."

Mama alikaa, akampakata Kidoti. Aliuliza mtoto kapatwa na nini, mbona jana mchana alikuwa na furaha. Machachari, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitamani ardhi ipasuke immeze. Angeweza kunyamaza, lakini alimwona Kidoti akihema kwa shida, akajua usiku mwingine wa kukatika pumzi unamngoja kwa sababu yake. Akasema yote. Mama hakumgombeza. Alimtazama tu, na macho yale yalimchoma kuliko fimbo.

Siku mpya ya upasuaji ilipofika, mtaalamu alimtaka Machachari avae barakoa safi isiyo na dawa, mdogo wake akimwangalia.

"Ona, napumua vizuri," Machachari alisema. "Siku ile nilikudanganya, mdogo wangu. Watakuamsha."

Kidoti alimkazia macho. "Na leo je, hunidanganyi?"

Machozi yalimtoka Machachari mbele za watu. Mtaalamu akampa Kidoti barakoa aishike mwenyewe. Kidoti alimvisha mama, akamvisha mtaalamu, kisha akajaribu kuvuta hewa tupu. Alipozoea, gesi ikafunguliwa kidogo kidogo. Mabega yake yakalegea, uso ukatulia. Kitanda kilipoanza kusukumwa, Machachari aliutafuta mkono wake. Kidoti akauondoa, akashika kidole cha mtaalamu.

Upasuaji ulikwenda salama. Mtaalamu alipotoka kuwapa habari, alimkuta Machachari ameegemea ukuta, akamshika bega.

"Gesi yangu humtuliza mtoto anayekubali kuivuta," alisema, "naye hukubali akimwamini anayempa. Wewe ulikuwa mtu wake wa kwanza kumwuliza, ukamtisha kwa jambo ambalo hakuwa na budi kulipitia. Koo lake tumelitibu sisi. Imani yake utairudisha wewe, kwa kumwambia kweli kila atakapokuuliza, na haitarudi leo."

Kidoti alipofumbua macho alimtafuta mama. Machachari alisogea kumpisha, akakaa upande wa miguu ya kitanda, akangoja.