Dawa ya Viatu Kwenye Dashibodi

Kila Alhamisi alasiri, watoto wa mtaa wa Darsait, mjini Maskati, wakicheza mpira kwenye kivuli cha maghorofa, Masouda alikuwa na kazi yake. Alichukua kitambaa laini na ndoo ndogo ya maji, akafungua gari la Shangazi Nasriya, akaanza kufuta vumbi. Alianza na milango, akaja kwenye viti, akamalizia dashibodi, ule ubao mweusi wa plastiki ulio mbele ya viti vya mbele. Shangazi alikuwa amepata leseni karibuni, na gari hilo dogo lilikuwa la kwanza katika maisha yake. Alilitunza kama yai. Ndani hakuruhusu biskuti, wala viatu vya mchanga, wala chetezo cha kufukizia udi.

Ufunguo wa akiba alikabidhiwa Masouda peke yake. "Nyumba hii ina watu wengi," Shangazi alikuwa akimwambia, "lakini ufunguo nnakupa wewe. Usimpe mtu." Masouda alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na hakuna kitu alichojivunia kuliko maneno hayo.

Wiki hiyo binamu yake, Jawaher, alikuwa amekuja kutoka Mabela kukaa nao siku za likizo. Baba zao ni ndugu, na Nasriya ni dada yao, kwa hiyo wote wawili walimwita shangazi. Wasichana hao walikuwa chanda na pete. Walilala godoro moja na kula sahani moja. Mwaka uliopita Jawaher alipovunja chupa ya chai ya wageni, Masouda alisimama naye mbele ya watu wazima na kusema, "Tulikuwa pamoja." Wakakemewa wote wawili, wakaenda kucheka chumbani.

"Nipe ufunguo kidogo," Jawaher alisema Alhamisi hiyo, kazi ya kufuta ilipokwisha. "Nimeacha kibanio changu cha nywele kwenye kiti."

Masouda alisita. Halafu akajiambia kwamba Jawaher si mtu wa kutiliwa shaka, akampa.

Jawaher hakuwa na kibanio chochote garini. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, Shangazi angempeleka Babu Hamdan msikitini, naye alitaka gari linukie kama la bi harusi. Alichukua chetezo cha shaba chenye miguu mitatu, akakiweka juu ya dashibodi, udi ukifuka. Masouda alipoona moshi alikimbia kwenda garini, lakini alisimama mbali. Alikuwa na pumu, na moshi wa udi ulimbana kifua.

"Kitoe," alisema huku akikohoa. Jawaher akakivuta kwa haraka. Miguu ya shaba ikaikwaruza plastiki, ikaacha mistari mitatu myeupe.

"Nitarudishwa Mabela leo leo," Jawaher alisema, machozi yakimlengalenga.

"Tutamwambia Shangazi pamoja," Masouda alimjibu. "Kama ile siku ya chupa."

"Kesho basi. Nakuahidi, kesho tukinywa chai."

Asubuhi chai ikanywewa, vitumbua vikaisha, Jawaher hakusema neno. Masouda alimfinya. Jawaher akamnong'oneza, "Ngoja kidogo, Shangazi ana haraka." Basi Masouda akangoja, akaenda kuoga. Alipokuwa bafuni, Jawaher aliuchukua ufunguo wa Masouda kwenye meza, akachukua na kopo la dawa nyeusi ya viatu, akaipaka mistari ile mpaka haikuonekana tena. Alirudi ndani akiona mambo yamekwisha.

Lakini jua la Maskati halijui kutunza siri. Gari lilikaa juani mpaka karibu na saa ya sala, na ile dawa ikayeyuka kama samli. Babu Hamdan akapanda mbele, amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ikanyooka. Babu alikuwa jasiri kwa mambo yote isipokuwa udereva wa binti yake. Kila walipokaribia mzunguko wa barabara alilaza mkono mzima juu ya dashibodi na kuishikilia, midomo ikisoma dua. Na kutoka Darsait mpaka Ruwi mizunguko si haba.

Msikitini, alipoinua mikono kuanza sala, ndipo alipouona mkono wa kanzu yake. Ulikuwa mweusi kutoka penye kifundo mpaka kwenye kiwiko.

"Mwanangu," alimwambia Nasriya waliporudi nyumbani, "gari yako inasafishwa kwa makaa?"

Nasriya hakucheka. Alikwenda garini, akarudi na kidole cheusi kinachonuka dawa ya viatu. "Nani alikuwa na ufunguo wangu?"

Masouda akamtazama Jawaher. Alidhani wakati wao umefika, sasa watasimama pamoja.

"Masouda, Shangazi," Jawaher alisema upesi. "Ufunguo si unakuwa kwake kila siku?"

Masouda alisubiri maneno yaliyobaki. Hayakuja. Jawaher alikuwa akitazama zulia.

"Shangazi, mimi..."

"Sitaki kusikia," Nasriya alimkata. "Nimekuamini, ukanipakia dawa ya viatu garini? Lete ufunguo."

Masouda akauweka kwenye kiganja cha shangazi yake, akaenda chumbani. Alikuwa ameumia. Kukemewa angekuvumilia. Kilichomchoma ni kwamba aliyemgeuka ndiye aliyelala naye godoro moja usiku uliopita, na alimgeuka bila kupepesa macho.

Baadaye kidogo Jawaher aliingia na kisahani cha halwa. "Usinune," alisema. "Wewe Shangazi anakupenda, atakusamehe leo leo. Mimi ningerudishwa kwetu."

"Kwa hiyo ulichagua niumie mimi," Masouda alisema.

Masouda akakisogeza kisahani pembeni. Mara nyingi alikuwa amewasikia watu wazima wakisema kikulacho ki nguoni mwako, na siku zote aliona ni maneno yao tu. Leo aliyaelewa.

Alasiri Shangazi alimwita garini. Alikuwa ameleta bakuli la maji ya uvuguvugu yenye sabuni. "Futa ulichopaka," alisema, uso wake bado mzito. Masouda alifuta, akasuuza kitambaa, akafuta tena. Weusi ulipotoka, mistari mitatu ikajitokeza, myembamba, imeachana kwa nafasi sawa.

"Na hii ni nini tena?" Shangazi aliuliza.

Masouda aliweka kitambaa chini. "Mimi nilitoa ufunguo, Shangazi, na jana nilinyamaza. Hayo ni makosa yangu. Mengine kiulize chetezo."

Nasriya aliihesabu mistari kwa kidole. Akaingia ndani, akarudi na chetezo, akakisimamisha taratibu juu ya dashibodi. Miguu yake ilikaa sawasawa mwanzoni mwa mistari ile. Nyumba nzima ilijua kwamba udi ukichomwa, Masouda hutoka nje, na kwamba ufunguo asingempa mwingine ila binamu yake.

"Jawaher," aliita, "njoo hapa, mama."

Jawaher alikuja, akakiona chetezo, akaanza kulia kabla hajaulizwa. Akayasema yote: kibanio, udi, ahadi ya asubuhi, dawa ya viatu. "Lakini sikusema uongo, Shangazi," alimaliza. "Ufunguo kweli ulikuwa kwake."

"Ulisema nusu," Nasriya alimjibu. "Ile nusu iliyokufaa wewe." Kisha akamgeukia Masouda. "Na mimi nimekosa. Nimeuliza swali, halafu nikakuziba mdomo. Nisamehe, mwanangu."

Masouda hakutarajia mtu mzima amwombe radhi. Hapo ndipo alipolia, mara ya kwanza siku hiyo.

Shangazi alipitisha waya mrefu kwenye dirisha la jikoni, akachomeka mashine yake ya kukaushia nywele. Kwanza aliijaribu chini ya dashibodi, mahali pasipoonekana, aone kama plastiki itastahimili joto. Halafu akampa Jawaher. "Iweke mbali kiasi cha shubiri. Ipitishe huku na huku, usiigandishe mahali pamoja, plastiki itajikunja." Masouda alikaa kiti cha pili na kitambaa chake, akipapasa taratibu kila plastiki ilipopata joto. Weupe ukaanza kufifia. Mistari miwili ikapotea. Wa tatu, uliokuwa umeingia ndani zaidi, ukabaki kama uzi.

"Shangazi, huu hautoki," Jawaher alisema.

"Hautoki," Nasriya alikubali, akazima mashine. "Mkwaruzo mdogo una dawa yake, wanangu. Unausafisha, unautazama ulivyo, halafu unautengeneza kwa subira. Ukiufunika tu, utakuja kumchafua asiye na kosa. Babu yenu amechafuliwa kanzu, Masouda amechafuliwa jina. Kanzu nimeiloweka. Jina utalisafisha wewe, Jawaher, mbele ya watu wote leo tukila. Na wewe Masouda, ukipewa amana usimkabidhi mwingine, hata umpende vipi. Na ukweli wako usiungojeshe ahadi ya mtu."

Jawaher alisema yote wakati wa chakula, tonge limempoa mkononi. Babu Hamdan alimsikiliza mpaka mwisho.

"Haya," alisema. "Umefanya vyema kusema. Mimi nilidhani ni jasho la kuogopa mizunguko ya Nasriya."

Watu wakacheka, hata Masouda. Lakini usiku huo alitandika godoro lake peke yake.

Alhamisi iliyofuata Shangazi alimwita Masouda na kumrudishia ufunguo kiganjani bila maneno mengi. Masouda alipofika garini na ndoo yake, alimkuta Jawaher amesimama kando ya mlango, ameshika kitambaa.

"Nikusaidie?" Jawaher aliuliza kwa sauti ndogo.

Masouda aliweka ndoo chini. "Nisaidie," alisema.

Akafungua mlango mwenyewe, akautia ufunguo mfukoni mwake. Kisha akampa Jawaher upande wa dashibodi, pale penye ule uzi mweupe.