Mpima Ngoma wa Asiatique

Birindwa aliingia dukani kwa mzee Atumani Jumamosi saa nne asubuhi, amevaa shati jeupe la kuazima na viatu vilivyong'aa kuliko hali yake. Mtaa wa Asiatique ulikuwa umefurika. Wanawake walibishania bei ya vitenge, wapagazi walipiga kelele wapishwe njia, na redio tatu ziliimba kila moja lake. Ulikuwa mwanzo wa mwaka 1998, nchi iko vitani na chini ya vikwazo, na mali mpya ilikuwa adimu kama mvua ya Julai. Ndani ya duka, kati ya magitaa na baiskeli, ilisimama seti nyekundu ya ngoma za bendi, ile ambayo watu wa Bujumbura huiita batterie. Ilikuwa imeingia nchini kabla ya vikwazo na kukaa bohari karibu miaka miwili.

Kwenye kaunta alikaa Houda, binti wa mwenye duka, kwa gauni la kijani na mtandio wa rangi ya ndizi mbivu.

"Karibu, kaka. Unatafuta nini?"

"Ile batterie. Kanisa yetu ya Mutanga Nord inataka kuinunua. Wamenituma niipime."

"Utaipima na mita?"

"Na masikio."

Houda akamtazama masikio, kushoto, kisha kulia. "Iko makubwa, quand même. Yatatosha."

Birindwa akacheka, na mteja akishacheka na muuzaji, ujue ameshanaswa.

Akaketi nyuma ya ngoma, akachomoa fimbo zake mfukoni, akapiga ile ndogo yenye nyaya chini yake mara moja tu. Mtaa wote ukanyamaza. Mama mmoja akalala chini na kapu lake. Askari wa pale kona akatokea mlangoni, bunduki mbele.

"Ni muziki, afande," Houda alisema, mikono juu.

"Muziki gani inalia kama kalashi? Musirudie."

Askari alipoondoka, Birindwa aliweka fimbo chini. "Dada, nipatie kitambaa. Chochote. Niifunike, ilie pole pole."

Houda akatoa vitenge viwili kwenye mkoba wake, wakavitandika juu ya ngoma pamoja. Tangu siku hiyo ngoma ilipimwa hivyo, imevishwa.

Ngoma ya kupimwa kwa saa moja ilichukua wiki tano. Birindwa alikuja Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Alikaza ngozi, akalegeza, akazungusha skrubu, akafungua ngoma ndogo moja moja na kuchungulia ndani kwa tochi.

"Sasa iko nzuri ao iko mbaya?" Houda aliuliza.

"Iko ya katikati. Mbao ni ya kweli, si karatasi. Miguu iko na nguvu. Pédale inafuata mguu vizuri. Ngozi za juu lazima kubadilisha. Matoazi ni mabaya, yanalia kama mufuniko ya sufuria. Hata baba yako nimemwambia."

"Basi si nzuri."

"Kwa mutu anayeanza, imezidi. Kwa maître, haitoshi. Kwa mutu kama mi, anayejua kidogo na anataka kujua zaidi, ni yake kabisa."

"We ni mutu wa katikati?"

"Kwa ngoma, ndiyo. Kwa mapenzi, mi ni wa mwisho darasani."

"Nimeona," Houda alisema, akaangalia pembeni ili asionekane anavyotabasamu.

Ngoma kubwa, ile ya kupigwa kwa mguu, hakuifungua. Siku aliyopanga kuifungua, Houda alileta sambusa za moto, wakala, wakaongea habari za Bukavu alikotoka Birindwa, za mama yake aliyebaki huko, mpaka adhana ya adhuhuri ikalia na duka likafungwa. Alhamisi iliyofuata akaandika kwenye karatasi ya kanisa kwamba ngoma zote ni nzima. Mapenzi ni kikohozi, wanasema, hayafichiki. Lakini yanaficha mengine mengi.

Birindwa alipanga Kanyosha, kwenye chumba cha kanisa, na upande ule wa mji risasi hazikukauka. Kila jioni kabla ya giza alipiga simu kutoka cabine ya pale sokoni.

"Allô, duka ya Atumani? Nauliza kama ile pédale bado iko na munyororo."

"Iko. Asubuhi ilikuuliza."

"Ilisema nini?"

"Ilisema, yule mutu wa masikio amekula?"

"Chérie, we utaniua."

"Usiseme vile. Uko Kanyosha. Ufike muzuri, ufunge mulango."

Mzee Atumani alikuwa mzee, hakuwa kiziwi. Siku moja alimwita Birindwa nyuma ya duka, akamkalisha juu ya kreti.

"Kijana, binti yangu anaongelea pédale kwa simu tangu mwezi. Unataka nini?"

"Baba, nataka kuleta wazee."

"We si mwislamu."

"Niko tayari kujifunza, kama utanikubali."

Atumani akafikicha tasbihi yake kitambo. "Uliniambia usoni kama matoazi yangu ni mabaya, na mi ndiye ninayeuza. Mutu anayesema kweli mbele ya mwenye mali, naweza kumusikiliza. Leta wazee baada ya Pasaka, inshallah."

Houda, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya pazia, alikimbilia ghalani akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka.

Kanisa likanunua ngoma. Jumapili ya matawi Birindwa aliketi, kwa mara ya kwanza hakuna kitambaa, akapiga kwa nguvu zake zote. Ngoma kubwa ikakoroma. Kila mguu ulipoikanyaga, ikakoroma, hadi kwaya ikapoteza sauti na watoto wakaangua kicheko. Walipoifungua, waliona mbao za ndani zimeachana kwa unyevu wa bohari.

Mzee wa kanisa, Papa Sylvère, ndiye aliyempa Birindwa ufunguo wa chumba cha Kanyosha, na ndiye aliyemwandikia barua ya kuonyesha kwenye vizuizi vya askari. Bila barua ile mkimbizi hakuwa mtu.

"We ulisema ni nzima. Hukusikia?"

"Ilikuwa imefunikwa, Papa."

"Na nini?"

"Na vitenge vya yule dada wa duka."

Hakusema uongo. Aliishia hapo tu, na Papa Sylvère akajaza yaliyobaki.

Alhamisi wakaja dukani, Papa Sylvère mbele, Birindwa nyuma yake. Wateja walikuwa wengi. Houda alimwona akaanza kutabasamu.

"Muzee Atumani," Papa Sylvère alisema, kwa sauti ya mimbarani, "binti yako alifunika ngoma mbovu na vitenge vyake, kijana wetu asisikie. Alimulegeza na macho. Kijana mwenyewe amesema."

Houda akashika kaunta.

"Birindwa," alisema polepole, "waambie ni nani aliomba kitambaa."

Birindwa akaangalia sakafu. Aliwaza chumba. Aliwaza barua, vizuizi vitatu kati ya Kanyosha na mjini, na watu waliosimamishwa hapo wasirudi kwao. Aliogopa, na woga wake ulikuwa na sababu. Houda akasubiri, uso wake wazi mbele ya watu wote.

"Sikumbuki muzuri," Birindwa akasema.

Mzee Atumani hakupandisha sauti. "Rudisheni ngoma, mutachukua pesa yenu yote. Na we kijana, wazee wako wabaki kwao."

Simu ililia dukani kila jioni. Houda aliinua, akasikia mtu anapumua, akaikata. Kila aliposhika mkono wa simu moyo ulimdunda kwa furaha kabla haujakumbuka, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Jumapili ya tatu baada ya Pasaka, Birindwa alisimama kanisani kabla ya mahubiri. Alisema kitambaa aliomba yeye. Alisema ngoma kubwa hakuifungua kwa uzembe wake, na msichana hakujua lolote. Papa Sylvère alimnyang'anya ufunguo siku hiyo hiyo. Lakini alikuwa mtu wa haki kwa namna yake: Jumatatu alikwenda dukani, akamwomba Atumani msamaha mbele ya wateja.

Jumanne Birindwa akaja, kakonda, mfuko wa nguo begani.

"Houda atasema mwenyewe," Atumani alisema, akawaachia duka. "Mi sina kinyongo tena."

Wakabaki wawili. Houda alikuwa amevaa nyeusi, macho yamevimba.

"Nimesikia ulivyosema," alianza. "Umepoteza chumba?"

"Nalala kwa rafiki, Buyenzi. Si kitu. Nisamehe, mupenzi."

"Nimekusamehe. Zamani. Kabla hata hujasema."

"Basi nilete wazee?"

Houda akatikisa kichwa. Machozi yakamdondoka juu ya kaunta, hakuyafuta.

"We ulisema Jumapili, Birindwa. Mi nilikuhitaji Alhamisi."

"Niliogopa, chérie."

"Najua. Muji yote inaogopa. Kesho watatusimamisha kwenye barrière ya askari, watakuuliza, huyu ni nani wako? Nitakuangalia. Nitangojea. Utasema nini?"

"Nitasema ni bibi yangu."

"Nataka kuamini. Wallahi, nakupenda, na nataka kuamini. Nimejaribu siku zote hizi, nimeshindwa."

Birindwa angeweza kuapa, na angeapa kwa moyo wote, na asingedanganya. Lakini alikuwa mtu wa kupima, na alijua vema kwamba kitu kikishapimwa mbele ya watu kikakoroma, maneno hayakitengenezi. Akainua mfuko wake.

"Ufike muzuri," Houda akasema, kama alivyokuwa akisema kila jioni.

Akatoka. Houda alisimama palepale mpaka mteja wa kwanza alipoingia kuuliza nyuzi za gitaa, akamwambia hazipo, ingawa zilikuwepo.