Do na So, Katikati Patupu

Jumanne hiyo ilikuwa ya kawaida kabisa. Nilifunika cherehani saa saba mchana, nikachukua chakula, nikaenda kwa shemeji. Tangu tumzike dada yangu, miezi minne nyuma, hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya pili: kumpelekea mumewe chakula leo, kesho kukimwaga kikiwa hakijaguswa. Machozi yaliniishia mwezi wa kwanza. Baada ya hapo niliishi kama mguu uliokaliwa muda mrefu ukafa ganzi.

Dada alikuwa mwalimu, na jioni alifundisha watoto piano pale sebuleni kwake. Miaka kumi na miwili alimbembeleza mumewe ajifunze japo zile sauti tatu za somo la kwanza, do, mi na so, zipigwe kwa pamoja. Mumewe, seremala, alimkwepa kwa mzaha kwamba mikono yake ni ya kushika randa. Kisha msumeno ukamkata kidole cha kati cha mkono wa kulia, na mzaha ukapata sababu.

Nilimkuta ameketi mbele ya piano, daftari la dada liko wazi. Maelekezo yalikuwa ya watoto: "Tafuta vibao viwili vyeusi vilivyokaa pamoja. Cheupe cha kushoto kwao ni do. Weka dole gumba. Ruka cheupe kimoja, weka kidole cha kati. Ruka kingine, weka kidole cha mwisho. Bonyeza vyote kwa pamoja."

Akabonyeza. Do na so zikalia, katikati patupu.

"Tumia cha shahada," nikamwambia.

"Dada yako ameandika cha kati."

"Aliwaandikia wenye vidole vitano, shemeji."

Zamani angecheka. Safari hii aliniambia, bila kuinua macho, kwamba hatatoka pale mpaka aipige kama ilivyoandikwa. "Aliniomba kitu kimoja tu," alisema. Suruali yake ilikuwa imefungwa kwa kamba. Nilikuwa nimeshamzika dada, sikutaka kumzika na mumewe.

Jumatano nilizisikia nikiwa mlangoni. Sauti tatu, zimeshikana vizuri. Nikashukuru kimoyomoyo, nikajua akili imemrudia, ametumia cha shahada.

Nikaingia. Cha shahada alikuwa amekiinua juu. Dole gumba lilikuwa kwenye do, kidole cha mwisho kwenye so. Chini ya kigutu chake, kibao cha mi kilikuwa kimezama. Hapakuwa na kitu juu yake.

"Usipaze sauti," akanong'ona. "Akishtuka huacha."

Mtu mwenye akili zake angekimbia. Mimi sikuhisi kitu. Niliweka chakula mezani, nikasogea. Juu ya mi palikuwa na unga mweupe. Chaki. Vidole vya dada havikuwahi kukosa chaki, hata siku ya harusi yake. Nikaupangusa kwa upindo wa gauni. Shemeji akabonyeza tena, na chaki ikawa imerudi.

"Mkono umekufa ganzi," alisema. "Jana ilikuwa vidole. Leo ganzi imefika kwenye kiwiko."

Nilichomoa pini kwenye ukosi wangu, nikamchoma kiganjani. Hakushtuka.

"Inatosha, shemeji. Umeshaipiga."

"Hajaridhika. Na mimi siwezi kumwachia nafasi tupu."

Mimi ni fundi wa nguo. Palipo na tundu natia kiraka, sijui njia nyingine. Nikaketi kando yake, nikapitisha mkono juu ya mkono wake, nikashusha kidole changu cha kati pale kilipokosekana chake.

Palikuwa baridi. Palikuwa na kidole.

Sikuondoa changu.

"Dada," nikanong'ona. "Niachie mimi."

Kikasogea. Kikanipisha.

Tukabonyeza pamoja. Do, mi, so. Zililia muda mrefu, kisha zikafifia. Shemeji aliondoa mkono mwenyewe, akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Halafu akala. Alikula chote, kimepoa hivyohivyo, kwa mkono wa kushoto.

Wiki iliyofuata alirudi karakana. Mkono wake ulipona, na piano aliifunika kwa shuka. Kidole changu cha kati ndicho ambacho hakijaamka. Sindano ikinichoma, najua kwa kuona damu.

Hilo nimelizoea. Lakini jana nilikuwa nashona gauni jeusi la mteja. Chaki yangu ya fundi ni ya bluu, sijawahi kununua nyingine. Kifuani mwa gauni palikuwa na alama ya kidole kimoja, nyeupe. Nikaipangusa. Nikageuka kuchukua uzi. Ilikuwa imerudi.

Shemeji alipita jioni, amenenepa, suruali ina mkanda.

"Mkono wako mzima, shemeji?"

"Mzima," nikasema, nikalikunja gauni, alama ikaingia ndani.