Nyumba Hii Ina Mke Mmoja

"Zuwena, sema mimi ni mume wako."

Sylvestre alipiga magoti jikoni kwangu, mwalimu mzima, suruali imejaa matope. Ilikuwa Mei 1972. Wanajeshi walikuwa wanapita Rumonge nyumba kwa nyumba wakikusanya Wahutu kwenda kuwaua, waliosoma kwanza. Sisi Waswahili walikuwa wanaturuka.

Nilicheka. Jamani, si ndiye huyu aliyelala kwangu miaka miwili, kisha akaniambia kwao hawaoi Mswahili, eti sisi ni watu wa uongo? Akamuoa Sezariya kanisani, kwa shela. Leo uongo wangu umekuwa mtamu.

"Sisemi uongo mimi," nikamjibu. "Utakuwa mume wangu kweli."

Siku ileile sheikh akamsilimisha na kutufungisha ndoa. Ngariba naye akafanya kazi yake, maana wanajeshi walikuwa wanawavua watu suruali kukagua. Nikampa kanzu na jina, Assumani. Kidonda kilipopona nikawa namwita kitandani kila nilipotaka, naye anakuja. Nilijua ni woga. Nilimpenda na nilimchukia, vyote pamoja.

Ndoa ilipoingia mwezi wa pili akaniambia Sezariya amejificha kwenye michikichi. Dini inaruhusu wawili, akasema, nimpokee awe mke mwenzangu. Nikamwambia nyumba hii ina mke mmoja.

Kumbe alikuwa ameshamfundisha Sezariya aseme ni mke mdogo wa Assumani, na hakurudi kumwambia kuwa nimekataa. Ijumaa, watu wakitoka msikitini, wanajeshi wakamleta barazani kwangu, pekupeku. Koplo alizijua desturi zetu. Mke mkubwa ndiye wa kuulizwa.

"Mama, huyu iko muke mwenzako?"

Neno moja tu, nikalimeza.

Akamgeukia Sylvestre. "Na wewe, Assumani, unamujua?"

Sezariya alimwangalia tu. Hakulia, wala hakulitaja jina la zamani la mumewe.

"Simujui," akasema Sylvestre.

Wakampandisha Sezariya kwenye kamiyo, lori la jeshi. Hakurudi.

Agosti, kulipotulia, Sylvestre akapata mtumbwi wa kwenda Kigoma. Akanipa talaka tatu pale mlangoni, kwa sauti, majirani wote wasikie. Kisha akanisogelea.

"Ulikuwa na neno moja tu la kusema, Zuwena."

"Na wewe ulikuwa nalo, Assumani."